Herufi Tatu za Mama Koma

Jumatano, tarehe 9 Oktoba. Manyunyu yameanza kabla ya mapambazuko na hayaonyeshi dalili ya kuchoka. Si mvua ya kumfanya mtu ajifiche, wala si ukavu wa kumfanya aache mwavuli nyumbani. Ni maji ya kuudhi tu, yanayopenya kwenye kola ya shati na kukaa humo.

Saa kumi na mbili na robo asubuhi, mkuu wa gereza anasimama mbele ya mlango wa ofisi yake, ufunguo mkononi. Hafungui. Anaweka kiganja cha kushoto juu ya ubao wa mlango, anainamisha kichwa, midomo inacheza.

Askari wa lango wanaijua sala hiyo kwa moyo, maana haibadiliki: "Ee Mungu, leo nisimzuie mtu hata saa moja zaidi ya haki yake."

Leo sala imerefuka kidogo. Akimaliza anafungua mlango, anavua kofia, anaikung'uta maji, na kusema kwa sauti ambayo haina hata chembe ya sala:

"Siku ya kumi na mbili. Kwa herufi tatu."

Mwanamke huyu ana miaka hamsini na tisa. Amevaa sare kwa miaka thelathini na mitatu, minne ya kwanza kama askari polisi wa kituo, iliyobaki yote magerezani. Amepanda ngazi moja moja, kuanzia askari wa zamu hadi mkuu wa gereza, na bado miezi mitano astaafu. Gereza lake lilijengwa kwa ajili ya watu mia mbili na arobaini. Asubuhi hii wamehesabiwa mia sita na kumi na mmoja, na askari wa kuwalinda ni arobaini na wanane kwa zamu zote tatu.

Wafungwa humwita Mama Koma. Wapo wanaosema jina hilo lilitokana na kalamu yake nyekundu, kwa kuwa hakuna ripoti ya askari inayotoka mezani pake bila kuongezewa mkato mahali fulani. Wapo wanaosema ni kwa sababu kila aliyewahi kuitwa ofisini kwake alitoka akiwa amekoma. Mwenyewe akiulizwa, husema zote mbili ni kweli.

Mezani pana faili moja ya rangi ya udongo. Ndani yake mna habari za mfungwa mmoja, fundi mwashi wa miaka thelathini na minne, ambaye wenzake humwita Timazi kwa sababu hawezi kupita mbele ya ukuta bila kufumba jicho moja ili auone kama umesimama wima. Alihukumiwa miaka sita kwa wizi wa mabati ya mwajiri wake. Alikata rufaa. Baada ya miaka miwili na miezi mitatu, jaji akaona kwamba mabati yale hayakuibiwa na mtu yeyote. Yalikuwa yamepelekwa kwenye jengo lingine la mwajiri huyo huyo.

Hukumu ya rufaa ilisomwa Ijumaa ya tarehe 27 Septemba. Jaji alisema fundi afunguliwe mara moja. Alasiri ile ile amri ya mahakama ikaletwa gerezani, imepigwa chapa vizuri na mhuri umekolea. Ilisema: "Mfungwa huyu afungwe mara moja, isipokuwa kama anashikiliwa kwa sababu nyingine halali."

Afungwe, badala ya afunguliwe. U, l na i zilibaki kwenye vidole vya mpiga chapa.

"Sasa niambie," Mama Koma anamwambia mwandishi anayeshinda naye leo, akilipigapiga neno hilo kwa kifuniko cha kalamu. "Mtu yuko ndani miaka miwili. Naambiwa nimfunge mara moja. Nimfunge wapi? Nimtoe kwanza ndipo nimfunge? Au nimchimbie shimo chini ya hapo alipo?"

Wengi wamemuuliza kwa nini asimwachie tu, maana kila mtu anajua jaji alisema nini. Swali hilo humchosha kuliko mengine yote.

"Gereza halisikii," anasema. "Gereza linasoma. Leo nikimfungulia mtu kwa masikio ya mama yake, kesho nitamfungulia mwingine kwa simu ya mjomba wake. Keshokutwa mwenye mjomba mkubwa atatoka, na asiye na mjomba atazeekea humu. Karatasi ndiyo mjomba wa asiye na mjomba. Ndiyo maana nataka iwe sahihi."

Naibu wake, bwana mnene mwenye sauti ya upole, anaingia na daftari la hesabu ya asubuhi. Anauliza kama mkuu anakwenda mahakamani mwenyewe leo. Anajibiwa kwamba barua zimekwenda, simu zimekwenda, dereva amekwenda mara mbili, aliyebaki ni yeye na farasi, na farasi hatuna.

Naibu anacheka. Mkuu hacheki.

Alipoianza kazi hii hakuwa mtu wa kalamu. Aliacha shule darasa la nne baba yake alipougua. Akakaa nyumbani, akalea wadogo zake, na alipofika miaka ishirini na sita akasikia polisi wanaajiri. "Wakati ule waliangalia kifua, meno na mbio," anasema. "Mbio nilikuwa nazo. Mtihani wa kuandika ulikuwa jina lako na la baba yako. Hayo nilikuwa nimeyafanyia mazoezi." Mshahara wa kwanza ulinunua ndoo mbili na blanketi, na akajiona amefika.

Mwaka wa tatu, akiwa zamu ya mahabusu kituoni, aliletewa karatasi na mjumbe. Kuisoma kungemchukua nusu saa na kidole. Wenzake walikuwa wamesimama karibu, akaona aibu. Akaikunja, akaiweka chini ya daftari kubwa, akijiambia ataisoma wakiondoka. Kisha pakatokea ugomvi nje, zamu ikaisha, akaenda nyumbani.

Karatasi ile ilikuwa ya dhamana ya mzee mmoja muuza mkaa. Mzee alilala mahabusu siku nne zaidi. Ilipopatikana na akatolewa, hakugomba wala hakutukana. Alimuuliza tu kwa adabu: "Mwanangu, kwani ilikuwa imeandikwa nini?"

"Sikuweza kumjibu," Mama Koma anasema. "Mpaka dakika ile nilikuwa sijui."

Wiki iliyofuata alijiandikisha masomo ya jioni. Darasa lilikuwa kwenye shule ya msingi. Madawati yalikuwa ya watoto, magoti yanagonga ubao, na wanafunzi walikuwa kumi na mmoja: mafundi, mama wa sokoni wawili, mlinzi wa benki, na yeye na buti zake. Mwalimu wao, mwanamke mkali mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, alikuwa na desturi moja. Hakuna kusoma kimyakimya. Kila neno lisomwe kwa sauti na mwenzako akiwa anasikia, kwa sababu, alisema, jicho huona linachokitegemea, lakini sikio huwa halidanganyiki upesi.

Alisoma miaka minne. Siku za zamu ya usiku alikuwa akitoka darasani na kwenda kazini moja kwa moja, vitabu ndani ya kofia. Alifaulu mtihani wa darasa la saba akiwa na ujauzito wa mtoto wa pili, kisha wa kidato cha nne akiwa sajini. Sala ya mlangoni aliitunga wakati huo.

Mume wake, dereva wa lori aliyestaafu, ndiye aliyewalaza watoto jioni zote hizo. Hadi leo humwita "Mkuu" hata akimwomba chumvi. Asubuhi hii, akimkabidhi chupa ya chai mlangoni, amemwambia: "Kule unaamuru watu mia sita. Hapa nipo mmoja tu na bado huniwezi. Hiyo mahakama utaiweza kweli?" Amemjibu kwamba akirudi bila karatasi, yeye ndiye atakayefungwa mara moja.

Saa mbili kasoro, gari la gereza linawaka kwa tabu. Kabla hajapanda, Mama Koma anakwenda kwenye benchi la wageni, nje ya lango, chini ya kipande cha bati.

Pale amekaa mama wa fundi. Ana miaka sabini na kitu, mwembamba, kilemba kimefungwa vizuri. Mapajani ana mfuko wa plastiki wenye jozi ya viatu vyeusi. Viatu ni vya mwanawe. Amevipeleka kwa fundi viatu, vikatiwa soli mpya, vikapigwa rangi. Amekuja navyo kila siku tangu Jumamosi ya tarehe 28, na kila jioni amerudi navyo. Askari wa lango wamekwisha kumzoea kiasi kwamba wanamwekea kigoda cha miguu.

"Shikamoo mama," anasema mkuu wa gereza.

"Marahaba. Leo unakwenda wapi?"

"Mahakamani. Naifuata mwenyewe."

Mama anamtazama kuanzia kofia hadi buti. "Juzi ulisema inakuja," anasema. "Mwanangu aliniambia hivyo hivyo alipokuwa mdogo, nikimtuma maji. Yanakuja, mama, yanakuja. Ndoo iko uani, haijatoka."

Mkuu wa gereza anageuka. Anapanda gari.

Njiani, wipa moja ikifanya kazi na nyingine ikitazama, anasimulia siku hizo kumi na mbili. Kosa lilionekana Jumanne, tarehe mosi Oktoba. Alimkuta mama huyu kwenye benchi kwa siku ya pili mfululizo na akauliza anamngoja nani. Mama akasema anamngoja mwanawe aliyefunguliwa. Askari wa lango wakamwambia mkuu, pembeni, kwamba bibi amechanganyikiwa, karatasi imekuja na inasema afungwe.

"Mama akawasikia," anasema. "Akasema: nilikuwa nimekaa kiti cha tatu kutoka mbele. Jaji alisema afunguliwe. Masikio yangu hayajazeeka."

Alikwenda kuitoa faili. Aliisoma amri ile kwa sauti, peke yake, ofisini, kama alivyofundishwa.

Siku hiyo hiyo alipiga simu. Karani wa masjala ya mahakama akamwambia simu si barua. Jumatano akapeleka barua. Ikarudishwa kwa sababu haikuwa na namba ya kumbukumbu. Alhamisi akaipeleka na namba. Jaji alikuwa amekwenda likizo, lakini msajili wa mahakama ana mamlaka ya kusahihisha makosa ya uandishi, na msajili akaagiza isahihishwe.

Ijumaa jioni amri mpya ikafika. Naibu aliifungua kwa furaha, askari wakakusanyika, hata mpishi akaja na upawa mkononi. Naibu akasoma kwa sauti: "Mfungwa huyu afunguliwe mashtaka mara moja."

Mpishi ndiye aliyeuliza: "Mashtaka gani tena, afande?"

Kumfungulia mtu mashtaka ni kumshtaki. Kwa karatasi ya kwanza fundi alitakiwa afungwe akiwa ndani, na kwa karatasi ya pili alitakiwa ashtakiwe upya kwa kosa ambalo halijatajwa. Mama Koma anasema alikaa chini, akaomba maji, na akasali sala fupi ambayo hapendi kuirudia maneno yake.

Jumatatu alimtuma dereva. Karani alikuwa msibani na ufunguo wa kabati ya faili ulikuwa mfukoni mwake. Jumanne dereva akarudi tena. Karani alikuwepo, lakini msajili alikuwa kwenye semina. "Semina ya nini?" Mama Koma anauliza, akitazama dirisha linalotiririka maji. "Ya kuharakisha utoaji wa haki."

Masjala ni chumba kirefu chenye dirisha moja. Faili zimepangwa sakafuni hadi kiunoni, zimeachiwa njia ya upana wa mtu mwembamba. Feni ya dari imefungwa kamba isizunguke kwa sababu ikizunguka inapeperusha karatasi. Pana meza tatu na mpiga chapa mmoja, msichana mwenye mkono uliofungwa bandeji ya kunyoosha kifundo. Anapiga amri zote za mahakama sita. Siku ya Ijumaa ile, baadaye ilijulikana, alikuwa amepiga sabini na nne.

Karani ni mwanamume wa makamo, mcheshi, asiyependa kusimama. Anamkaribisha mkuu wa gereza, anamsogezea kiti, anamwambia amejisumbua bure kwani jambo lenyewe ni dogo.

"Mama, tusigombanie neno," anasema. "Funga, fungua, si asili yake ni moja? Mtu mwenye nia njema anaelewa."

"Ukifungiwa chooni," Mama Koma anamjibu taratibu, "utaniita nikuletee asili ya neno, au nikuletee ufunguo?"

Mpiga chapa anajifanya anakohoa. Karani anacheka mpaka anafuta macho, kisha anakumbuka cheo cha aliyekaa mbele yake na kunyamaza. Anasema atalishughulikia, aache faili, watampigia.

"Siondoki."

"Lakini mkuu, msajili anaondoka saa sita."

"Basi tuna saa tatu za kuandika herufi tatu. Tukigawana, kila moja ina saa yake."

Anasogeza kiti hadi kwenye meza ya mpiga chapa. Anamuuliza, bila ukali, ilikuwaje kwenye ile ya pili. Msichana anatazama mikono yake. Anaeleza kwamba hapa neno "afunguliwe" hulipiga mara thelathini kwa siku, na karibu kila mara hufuatwa na "mashtaka." Wanaoshtakiwa ni wengi. Wanaoachiwa ni wachache.

"Nikishaanza 'afunguliwe,'" anasema, "vidole vinakwenda vyenyewe, mama. Vimezoea njia."

Kwa mara ya kwanza siku hiyo, sura ya Mama Koma inalegea.

"Mimi nilianza kusoma na miaka ishirini na tisa," anamwambia. "Ukizoea njia, isome kwa sauti. Haya, tuandike wawili. Mimi nitasema, wewe utapiga, halafu utanisomea."

Wanakwenda neno kwa neno. Mkuu wa gereza anatamka kama mwalimu wa darasa la kwanza, na msichana anarudia. Wanapofika penyewe, karani naye ameacha soda yake na kusogea.

"A, fu, ngu," anasema Mama Koma. "U ya ngu umeiweka?"

"Nimeiweka."

"L. I. Halafu we."

"Li. We."

"Sasa ondoa vidole. Ondoa kabisa. Weka mapajani." Msichana anaweka mikono mapajani. "Hakuna mashtaka. Sasa rudi, andika 'mara moja.'"

Saa tano na dakika ishirini karatasi iko mbele ya msajili, kijana mwenye tai na macho ya mtu aliyeamka semina ikiwa bado kichwani. Anainua mhuri. Mama Koma anaweka kiganja juu ya karatasi, kama anavyokiweka kwenye mlango wake kila asubuhi.

Anamwomba msajili, kwa heshima zote, aisome kwanza. Msajili anasema ameisoma. Anamwomba aisome kwa sauti. Msajili anamwangalia karani, karani anaangalia dari. Basi anaisoma. Sauti yake inaanza kwa haraka na kumalizia polepole, na akifika kwenye neno lenyewe analirudia bila kuombwa. Kisha anagonga mhuri.

"Pole sana, mkuu," anasema.

"Pole hiyo si yangu," anajibu. "Nitamfikishia mwenyewe."

Mama Koma anarudi garini. Faili iko mapajani, ameifunika kwa koti la mvua, na yeye mwenyewe analowa kwa sababu kioo cha upande wake hakipandi hadi juu. Njiani anazungumzia kustaafu. Ana mpango, na naibu wake anaujua. Anataka bwalo la askari, ambalo jioni hukaa tupu, liwe darasa. Mara tatu kwa wiki, saa moja na nusu. Wa kwanza watakuwa askari wapya, na ikiwezekana makarani na wapiga chapa wa mahakama. Somo litakuwa moja tu, kusoma karatasi kwa sauti. Barua ya kuomba ruhusa ameipeleka makao makuu mara tatu katika miaka miwili. Mara ya kwanza ilipotea. Mara ya pili aliambiwa hakuna fungu. Mara ya tatu alipata jibu lililokubali, ila lilihusu ombi la gereza lingine la kuchimbiwa choo.

Sasa hasubiri tena. Bwalo lina viti, yeye ana sauti.

Saa saba wanafika. Manyunyu yamekata, ardhi inafuka mvuke. Mama wa fundi ameliona gari kabla halijapiga honi, amesimama, mfuko wa viatu kifuani.

Kanuni inataka mfungwa anayetoka asomewe amri langoni mbele ya mkuu wa zamu na askari wawili. Mama Koma anaagiza mlango mdogo uachwe wazi ili mama naye asikie kutoka kwenye benchi. Naibu anakuja na daftari. Mpishi anajitokeza, bila upawa safari hii.

Fundi Timazi analetwa kutoka uani. Amekuwa akipiga lipu ukuta wa stoo, kazi aliyoianza mwenyewe kwa sababu, kama alivyowaambia wenzake, kukaa bure akingoja herufi kungemtia wazimu. Mikono yake ina saruji hadi kwenye viwiko. Hatabasamu. Amekwisha kusomewa karatasi mbili.

Mkuu wa gereza anasoma. Anasoma taratibu, namba ya kesi, tarehe, jina, mpaka kwenye neno. "Afunguliwe mara moja."

Fundi anafumba jicho moja, kama anapima. "Naomba usome tena, mama," anasema. "Na baada ya hapo pana nini?"

Anasoma tena. Baada ya hapo pana nukta. Anamwonyesha nukta yenyewe kwa kidole.

Hapo ndipo fundi anapopumua. Anamwambia askari aliye karibu naye kwamba ile lipu ni mbichi, wasiiache ikauke kwa pupa, waimwagie maji asubuhi na jioni kwa siku saba, la sivyo itapasuka na watu watasema fundi alikuwa mbovu. Askari anaahidi. Mama, huko nje, amekwisha kuvitoa viatu mfukoni na kuvipanga chini, vimeelekea barabarani.

Mambo yangeweza kuishia hapo. Naibu ameshakunja daftari. Lakini Mama Koma hatoi njia. Anafungua tena faili ya rangi ya udongo, anatoa karatasi ya kwanza kabisa, ile ya tarehe 27 Septemba, na kumpa fundi ashike.

Pembeni, chini ya mhuri wa mahakama, pana neno moja kwa wino mwekundu: "Imeonekana." Na saini.

"Saini hiyo ni yangu," anasema. "Ilikuja Ijumaa alasiri, karatasi kumi na nne kwa mkupuo. Niliisoma kwa macho. Jicho langu limezoea kuona 'afungwe' miaka ishirini na tisa, likaona 'afungwe,' likapita. Nikatia sahihi, nikaenda kula. Mama yako alikaa hapa Jumamosi, Jumapili, Jumatatu, mpaka Jumanne. Mahakama ilikosea, ndiyo. Nimewasema siku nane nzima. Lakini siku nne za kwanza ni zangu."

Askari wengine hawakuwa wanajua. Naibu alikuwa anajua, anaangalia buti zake.

Fundi anaisoma saini ile kwa muda mrefu, kisha anairudisha karatasi kwa ncha za vidole isichafuke. Anasema ukuta ukipinda tofali la kwanza, fundi mwerevu huubomoa mwenyewe kabla mwenye nyumba hajaja. Haijulikani kama amesamehe au ameeleza kazi yake tu. Anatoka, anakaa kwenye benchi, anavaa viatu. Cha kushoto kinambana. Miaka miwili ya kutembea peku imempanua mguu.

Mama yake hajakaa. Amekaribia mlango mdogo, ameshika mfuko mtupu, na anamwangalia mkuu wa gereza moja kwa moja.

"Nimesikia uliyosema," anasema. "Siku hizi kumi na mbili nimesikia mengi, na mengi yalikuwa mazuri. Sasa utayafanyia nini, hayo uliyosema? Sema taratibu, na hawa vijana wasikie."

Mama Koma anavua kofia. Anawatazama naibu, askari wanne wa zamu, mpishi, fundi mwenye kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi. Anaweka kiganja kwenye nguzo ya lango, na anasema kwa sauti ya darasa la jioni, neno kwa neno, bila kuruka hata herufi:

"Mbele ya mama huyu na mbele yenu. Kuanzia leo, karatasi ya mtu ikiingia kwenye lango hili, haitatiwa sahihi na mtu yeyote mpaka mwenyewe aitwe, asomewe kwa sauti, siku hiyo hiyo, kabla jua halijazama. Miezi mitano niliyobakiza nitazisoma mimi. Na Jumatatu saa kumi na moja jioni, ruhusa iwepo isiwepo, nitakuwa bwaloni na chaki. Nisipokuwepo, mama, njoo ukae kwenye benchi lako uniulize."